Sera haifi ng'ombe akifa: Maneno mawili ya Kiingereza yaliyotuponza

SHANGAZI yangu ni mfugaji. Hana shamba kubwa. Ana ng'ombe watatu wa maziwa, na mmoja wao, Friesian mweusi mwenye baka jeupe usoni, ndiye aliyekuwa akiwalipia wajukuu karo. Ng'ombe huyo aliugua ghafla akafa usiku, kabla ya daktari wa mifugo kufika. Shangazi alisikitika, ila hakukata tamaa kwa sababu alijua ana bima. Mwaka uliotangulia, ada ya bima hiyo ilikuwa ikikatwa kidogo kidogo kwenye malipo yake ya maziwa, hata akasahau kwamba analipa.

Alipopeleka dai lake aliambiwa hivi: "Mama, sera yako haikuwa hai."

Akanipigia simu. Tangu nianze kufundisha haniiti tena kwa jina. "Mwalimu," akasema, "hebu nielezee kitu kimoja. Sera inakufaje?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwomba anitumie chochote alichokuwa ameandikiwa na kampuni hiyo. Alikuwa hajaufuta ule ujumbe mfupi wa simu, akanitumia. Ulikuwa kwa Kiswahili, na hapo kwanza nilifurahi, maana kampuni nyingi za hapa nchini huwaandikia wakulima kwa Kiingereza na kuwaachia watoto wao kazi ya kusoma. Ujumbe ulisema: "Mpendwa mteja, sera yako inaisha muda tarehe 30. Tafadhali fanya upya sera yako ili kuendelea kufurahia kinga."

"Uliupata kabla ya hiyo tarehe?" nikamuuliza.

"Niliupata. Nikausoma mara mbili."

"Sasa shangazi, mbona hukulipa?"

"Kulipa nini? Wapi wamesema nilipe? Mimi niliona ni mambo ya ofisi yao. Sera si ni ya kampuni? Mimi mama wa ng'ombe, nitafanya upya sera ya watu nikiwa nani?"

Mpenzi msomaji, soma tena ujumbe ule ukiwa na masikio ya shangazi. Mwanamke huyu si mjinga wa Kiswahili. Husikiliza taarifa ya habari redioni kila jioni, na neno 'sera' amelisikia maelfu ya mara. Kuna sera ya serikali kuhusu mbolea, sera ya elimu, sera za chama hiki na kile. Anajua vizuri kwamba sera ni mpango au msimamo ambao wakubwa huuweka ili uongoze mambo yao. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba sera inaisha, aliuelewa ujumbe jinsi Mswahili yeyote angeuelewa: kampuni inabadilisha utaratibu wake. Kosa halikuwa kwa msomaji.

Sisemi kwamba ng'ombe yule alipotea kwa sababu ya neno moja tu. Wakala wa bima angeweza kupiga simu. Shangazi naye angeweza kuuliza. Lakini neno hilo ndilo lililosimama mlangoni na kumzuia kuuliza, kwa sababu mtu huuliza asichokielewa, na shangazi alikuwa ameelewa. Tafsiri mbovu inayomwacha msomaji gizani ina nafuu. Inayotisha ni ile inayomwonyesha njia isiyo yake.

Tuingie sasa kwenye Kiingereza kilichozaa ujumbe huo. Aliyeuandika alikuwa na neno 'policy' mbele yake. Akakumbuka kwamba 'policy' ni sera, akaliweka, akaendelea na shughuli zake. Asilolijua ni kwamba Kiingereza hakina neno 'policy' moja. Yapo mawili. Yanaandikwa sawa na kutamkwa sawa, ila hayana ukoo.

La kwanza ndilo la wanasiasa. Chimbuko lake ni neno la Kigiriki 'polis', yaani mji wenye kujitawala, ambalo lilizaa 'politeia', uraia au namna ya kuendesha mji. Neno hilo likapitia Kilatini na Kifaransa cha kale hadi likafika Uingereza likiwa na maana ya uongozi na busara ya kuongoza. Ukoo wake ni mkubwa: ndugu zake ni 'politics' na 'police'. Ndiyo kusema kwamba askari polisi wetu na sera za serikali, kwa upande wa Kiingereza, walinyonya ziwa moja.

La pili ni neno la wafanyabiashara. Asili yake, kadiri wanavyokubaliana wengi wa wanaofuatilia historia ya maneno, ni neno jingine kabisa la Kigiriki, 'apodeixis', maana yake uthibitisho. Kilatini cha enzi za kati kikalifanya neno la stakabadhi, karatasi ya kuthibitisha kwamba kitu kimepokewa. Waitalia wakalikatakata likawa 'polizza'. Waitalia hao hao ndio waliokuwa mabingwa wa bima za vyombo vya baharini. Mkataba wa bima wa zamani zaidi unaojulikana uliandikwa Genoa mwaka 1347. Biashara hiyo ilipofika London ikiletwa na wafanyabiashara wa kutoka Italia, neno lao lilikwenda nayo, kwa kupitia umbo la Kifaransa, 'police'. Waingereza wakaliponda midomoni mwao hadi likafanana na 'policy' waliyokuwa nayo tayari. Hiyo ilikuwa karne ya 16.

Kwa hivyo 'policy' ya pili, tangu ilipozaliwa, ni karatasi. Mtu anaishika mkononi, anaitia kabatini, anaitoa siku ya msiba. Haihusiani hata kidogo na mipango ya watawala. Fungua kamusi yoyote kubwa ya Kiingereza utakuta yamepangwa kama vidahizo viwili, kila kimoja na nambari yake, jinsi kamusi zetu zinavyofanya kwa 'paa' wa porini na 'paa' la nyumba. Wamarekani waliwahi hata kuliita 'policy' mchezo fulani wa bahati nasibu wa kubashiri nambari, na mchezo huo huwekwa chini ya kidahizo hicho cha pili, cha karatasi.

Wataalamu wa isimu huziita jozi za namna hii homonimu: maneno yaliyokutana umbo kwa bahati. Kiswahili kinazo tele. Tuna 'kaa' la moto, 'kaa' wa baharini na 'kaa' la kumwambia mgeni. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kumtafsiria Mwingereza "nyumba ya paa la mabati" kuwa nyumba yenye swala wa mabati. Tungecheka hadi tulie. Sasa mbona hatucheki tunaposoma "sera ya bima ya gari"? Ni swala yule yule wa mabati, ila huku amevaa suti.

Jambo hili linadhihirika zaidi ukizichungulia lugha nyingine za Ulaya. Mwitalia husema 'polizza' kwa karatasi ya bima na 'politica' kwa sera. Mhispania ana 'póliza' na 'política', Mreno ana 'apólice' na 'política', Mjerumani ana 'Police' na 'Politik'. Kila mmoja kati yao ameyaweka maneno haya vyumba viwili. Mfaransa naye ana 'police' kwa karatasi ya bima na 'politique' kwa sera, ingawa 'police' ya karatasi imefanana na 'police' ya askari. Kwa hivyo mwenzetu wa Bukavu au Bujumbura anayetafsiri bima kutoka Kifaransa hawezi kuandika "sera ya bima" hata akiwa na usingizi. Hatari yake yeye ni kuandika "polisi wa bima". Kila lugha ina shimo lake, na sisi tumeangukia shimo la Waingereza kwa sababu ndio tunaowatafsiri kila siku.

Nimesema tumeangukia, maana kampuni ile haiko peke yake. Sisi wa vyombo vya habari tumo. Katika kurasa za biashara na katika taarifa za runinga, mara kwa mara utakutana na "wenye sera" wanaodai kulipwa baada ya kampuni kufilisika, "sera za maisha" zilizoiva, na mawakala "wanaouza sera". Hebu tulitazame hilo la mwisho. Katika Kiswahili cha Kenya, anayeuza sera ni mwanasiasa aliyepanda juu ya gari akiwa na kipaza sauti. Kumwaga sera, kunadi sera, kuuza sera, yote ni mambo ya kampeni; na kwa mzaha hata kijana anayembembeleza msichana husemwa kwamba anamwaga sera. Sasa msomaji akiambiwa kwamba "wauza sera wataanza kupewa leseni mpya", atadhani tume ya uchaguzi imeamua jambo. Na "wenye sera"? Hao, kwa masikio ya wengi, ni vyama.

Tuna chombo cha serikali hapa nchini kinachowafidia raia kampuni yao ya bima inapoporomoka, na jina lake la Kiingereza lina neno 'Policyholders' ndani yake. Nimewahi kusikia likitafsiriwa hewani kuwa ni hazina ya "wamiliki wa sera". Mtu ambaye kampuni yake imekufa na madai yake hayajalipwa, akisikia hivyo, atajuaje kwamba ni yeye anayezungumziwa? Angesema tu mtangazaji "hazina ya kuwafidia wenye bima", mzee mmoja mahali fulani angeinuka kwenye kiti na kutafuta kalamu.

Tatizo linakuwa zito zaidi pale ambapo maneno yote mawili yana haki ya kutokea katika habari moja. Bima ya afya ndio mfano mzuri. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii mwaka 2023, na SHA ikachukua mahali pa NHIF iliyokuwapo tangu 1966, kulikuwa na sera ya bima kwelikweli. Serikali ilikuwa na mpango wake kuhusu jinsi raia watakavyotibiwa na jinsi gharama itakavyogawanywa, ukiwamo uamuzi wa kumkata mwenye mshahara asilimia 2.75 ya mapato yake. Kuuita mpango huo "sera ya bima ya afya" ni Kiswahili safi. Hiyo ni 'policy' ya kwanza, ya akina 'polis'.

Lakini mwananchi huyo huyo anaweza kuwa amenunua bima ya ziada kutoka kwa kampuni ya kibinafsi, na huko ana mkataba wenye masharti, vipengele na sahihi yake. Hiyo ni 'policy' ya pili. Ukiandika sera huku na sera kule, umemnyima msomaji njia ya kujua ni ipi iliyobadilika. Chukua sentensi hii ambayo nimeibuni mwenyewe: "Serikali imebadilisha sera ya bima ya walimu." Je, serikali imebadilisha mpango wake kuhusu namna ya kuwakatia walimu bima, jambo litakalochukua miaka kutekelezwa? Ama imebadilisha mkataba uliopo na kampuni husika, hivi kwamba hospitali iliyokuwa ikimtibu mtoto wako mwezi jana haitamtibu tena mwezi ujao? Mwalimu mwenye mtoto wa pumu anahitaji kujua leo. Kwa Kiingereza, msomaji huokolewa na muktadha, kwa sababu amezoea kuishi na homonimu hiyo. Sisi tunaiingiza katika lugha ambayo haikuwa nayo, halafu hatumpi msomaji hata tahadhari.

Nilimsimulia haya rafiki yangu mmoja mhariri. Akaniangalia kwa jicho la huruma. "Wewe nawe," akasema, "lugha ni ya watumiaji. Neno 'sera' limepanuka tu. Baada ya miaka kumi kila mtu atakuwa amezoea."

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Maneno hupanuka, na 'sera' lenyewe ni shahidi. Wazee wetu walisema 'siasa' mahali ambapo leo tunasema sera: Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihusu Siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea, na hakuna aliyefikiri kwamba siasa hapo ni yale malumbano ya majukwaani. Baadaye 'sera' ikachukua nafasi hiyo, 'siasa' ikaachiwa kelele. Sikulilia hilo, na hata ningelilia nisingesikizwa.

Hata hivyo, neno hupanuka kwa kufuata mshabaha ambao wazungumzaji wenyewe wanauona. Tawi la mti likawa tawi la benki kwa sababu vyote viwili vimechipuka kutoka kwenye shina. Kipanya cha kompyuta kina umbo la panya na mkia. Baina ya mpango wa serikali na karatasi ya bima ya ng'ombe, mshabaha uko wapi? Haupo. Kilichopo ni herufi sita za Kiingereza zilizokutana London kwa ajali. Mtu asiyejua Kiingereza hana daraja la kumvusha kutoka maana moja hadi nyingine, na hao ndio wasomaji ambao tunadai kuwaandikia tunapoandika kwa Kiswahili.

Tena, ni watumiaji gani hao wanaosema "sera"? Nenda stendi ya matatu. Dereva aliyesimamishwa na askari wa trafiki hasemi "afande, sera ya gari imeisha muda". Husema "bima imeisha". Muuza duka husema amekata bima ya moto. Mjane husema marehemu alikuwa na bima ya maisha, na mpinzani wa mjane huyo, maana mjane wa namna hiyo hakosi mpinzani, husema jina lake ndilo lililoandikwa kwenye bima. Watu wamekwisha kuamua. 'Sera' ya bima haikutoka kwao. Imetoka kwenye meza ya mtafsiri mwenye haraka, na siku hizi kwenye mashine za kutafsiri, ambazo hulichukua neno linalotumika sana na kulibandika popote. Mimi sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na mtu anayelipwa kusoma kilichotoka kwenye mashine, kisha asikisome.

Na neno 'bima' lenyewe linastahili kusemewa jambo, kwa sababu tunaliacha kando wakati lina historia inayoshinda ya 'policy'. Tulilipata kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi katika pwani yetu, waliotuachia pia 'hundi', 'laki' na 'gari'. Wahindi nao walilipata kutoka Uajemi, na huko mzizi wake ni 'bim', yaani hofu. Bima ni kitu cha mtu mwenye hofu: anaogopa moto, anaogopa mawimbi, anaogopa ng'ombe asife. Shangazi, bila kusoma Kiajemi, alilielewa neno hilo barabara. Angeandikiwa kwamba bima yake inaisha, ile hofu ingemwamsha.

Basi tutasemaje? Mimi napendekeza tuanze na lililo mdomoni mwa watu. Mara nyingi 'bima' peke yake inatosha kabisa. Mtu ana bima tatu. Bima yake inaisha Juni. Nambari ya bima yake ni hii. Wapo watakaosema kwamba bima ni huduma ilhali 'policy' ni makubaliano ya kisheria, na kwamba lazima tuvitofautishe. Ni kweli, na penye haja hiyo tuna 'mkataba wa bima', neno linalomwambia msomaji papo hapo kwamba kuna pande mbili na kila upande umeahidi kitu. Tunapoizungumzia karatasi yenyewe, ile ambayo mawakili huitaka mezani, tuna 'hati ya bima'. Hati na mkataba ni maneno ya Kiarabu yenye asili ya kuandika, kwa hiyo yanakaribiana na ile stakabadhi ya Kilatini kuliko 'sera' itakavyowahi kukaribiana. Ile stika ya kwenye kioo cha gari tuiache na jina la cheti cha bima, maana hiyo ni dalili tu kwamba mkataba upo.

Anayemiliki mkataba huo ni mwenye bima. Wengine husema mkata bima, nalo ni zuri, ingawa linaleta utata kidogo pale mtu mmoja anapomkatia mwingine: mwajiri anaweza kuwa mkata bima na mfanyakazi akawa aliyekatiwa. Sheria hujali tofauti hiyo, kwa hiyo anayetafsiri sheria nayo aijali. Anayeandika habari za kawaida asijitese. 'Sera ya bima' tuitunze kwa ajili ya kazi yake halali: mpango wa serikali, au wa kampuni, kuhusu mambo ya bima. Ikitumika hapo tu, itaheshimika.

Kuna wanaopendekeza tulitohoe lile neno la Kiingereza lenyewe tumalize ubishi. Wajaribu kulitamka. Litatoka "polisi".

Katiba yetu, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Sijui kama waliokiandika kifungu hicho waliwaza kuhusu tafsiri. Lakini mtu aliyepewa habari kwa neno lisilokuwa lenyewe amepewa nini? Kampuni inaweza kuonyesha mahakamani kwamba ujumbe ulitumwa, ukapokewa na ukasomwa mara mbili, tena kwa lugha ya taifa, na shangazi yangu akaonekana mzembe. Hili ndilo linalonikera kuliko kosa lenyewe la sarufi au la msamiati. Kiswahili kinatumiwa kama ushahidi kwamba mtu aliarifiwa, hali hakuarifiwa.

Niliiandikia kampuni hiyo barua ya heshima. Sikudai fidia, kwani hilo ni la shangazi na wakili akimpata. Niliwapelekea ujumbe wao nikiwa nimeuandika upya: "Mama, bima ya ng'ombe wako itaisha tarehe 30. Ukitaka tuendelee kukulipa iwapo ng'ombe atakufa, lipa ada ya mwaka mpya kabla ya siku hiyo." Una maneno machache zaidi ya ule wao. Nikawaeleza pia kwamba "kufurahia kinga" ni Kiingereza kilichovishwa kanga, kwa kuwa Mswahili hafurahii kinga, anakingwa. Na "fanya upya", nikasema, imwachie shangazi kazi moja tu ya kufanya, nayo ni kulipa. Walijibu kwa adabu kwamba wameyapokea maoni yangu na watayafanyia kazi.

Shangazi amenunua mtamba mwingine, wa mkopo, naye amemkatia bima kwenye kampuni ile ile, kwa sababu nyingine haifiki kijijini kwao. Wiki jana alinipigia simu jioni, nikasikia simu ikichakurwa, kisha sauti yake.

"Mwalimu, hawa watu wa bima wameniandikia tena."

"Wameandikaje mara hii, shangazi?"

"Sijui. Sasa wanaandika kwa Kiingereza. Ngoja nikutumie, unisomee."